Wifi Ametaja Kisichotajwa Mbele ya Kaka Yangu

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijapasuka kwa hasira, maana mimi ni mwanamke wa heshima zangu hapa visiwani Ha'apai, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa na sijawahi kugombana na mtu hadharani, lakini Jumapili iliyopita mke wa kaka yangu alinivua nguo mezani, tena lu, nyama ya kondoo iliyofungwa kwa majani ya magimbi, haijapoa, na hadi leo sijapata mtu wa kumweleza kwa sababu jambo lenyewe halisemeki.

Kaka yangu Sateki nimemlea mimi, nikimwambia simama anasimama, si kwa woga bali ndivyo tulivyofunzwa, dada yuko juu ya kaka na shangazi yuko juu ya watoto wa kaka, jina la mtoto natoa mimi na siku ya sherehe yake ya mwaka wa kwanza anaketi mapajani mwangu, na unajua kama ninavyojua kwamba kaka na dada hatutajiani chochote cha kuanzia kiunoni kwenda chini, hata runinga ikionyesha mtu anaoga mmoja wetu hutoka nje akajifanya anatazama nguruwe. Sasa huyo Toakase aliyemwoa sikumtaka tangu mwanzo, sifichi, mwanamke wa kucheka sokoni mpaka magego yanaonekana, na aliposhika mimba nilinuna, sikwenda kumtazama, na siku moja nikasema mbele ya watu kwamba mtoto wa huyo hatayakalia mapaja yangu.

Akajifungua kwa kupasuliwa hospitalini kule mji mkuu, Nuku'alofa, akawa amelazwa hajiwezi, kwa hiyo mimi na Sateki ndio tulioitwa na daktari, kwa sababu nesi alipokuwa anamwosha mtoto alimgeuza, akamtazama nyuma, akaenda kuita wenzake. Daktari mwenyewe kijana wa Australia, mpole lakini hajui adabu za watu, akatuketisha bega kwa bega mimi na kaka yangu akaanza kueleza kwamba mtoto amezaliwa hana, na akaitaja, Mama, akaitaja mbele ya Sateki, kisha akachukua kalamu akaanza kuichora. Nikasimama nikatoka kwa mlango huu, Sateki akatoka kwa mlango wa pili. Baadaye alirudi peke yake akakubali kila kitu bila kuuliza, mtoto akatobolewa tumboni, akawekewa mfuko wa kupokea haja, na tumbo lililokuwa limevimba likashuka, tukamshukuru Mungu, tukajua ndiyo njia aliyopewa, basi, mbona wengine huzaliwa na vidole sita.

Nimempa jina la babu yetu, Latu, na ukoo hawajui lolote, kwa sababu kanisani mimi mwenyewe namfunga kitambaa juu ya mfuko, nakaza hasa ili harufu isitoke, ingawa analia na kile kinyama chekundu hutoka damu kidogo, na homa zake, maana homa humrudia na mkojo wake huwa wa rangi ya tope, namnywesha majani aliyokuwa akitutibia marehemu mama. Hospitali walipiga simu, tena si mara moja, lakini kila walipopiga Sateki alikuwa ameketi na mimi, akisikia wameanza habari zile anazima simu kwa kuniheshimu, na mimi nilimsifu kwa hilo.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa naeleza mipango ya sherehe ya mwaka wa mtoto, nguruwe, mikeka ya heshima ya kumvika kiunoni, ndugu wanaokuja kutoka Auckland, na Toakase, ambaye kumbe alipompeleka mtoto kuchanjwa nesi wa kliniki alimwuliza kwa nini hatujamrudisha hospitali, akaweka kijiko chini akasema, "Wifi, nisikilize, na wewe baba Latu usitoke. Mtoto hana tundu la haja. Pale tumboni ni pa muda tu, walitaka kumtengenezea lake tangu ana miezi michache. Mliambiwa, ila mlikimbia kabla hamjasikia. Madaktari wa watoto wanafika Nuku'alofa Jumatatu ya wiki ya sherehe. Nampeleka."

Sateki akainuka. Yule mwanamke akamshika shati, akasema, "Kaa. Natamka makalio ya mwanao, si ya dada yako."

Mama Mshauri, neno hilo, mezani, mbele yangu na yake. Sateki alitoka mpaka shambani kwenye viazi vikuu na hakurudi hadi chakula kilipoondolewa, na tangu hapo hanitazami usoni, mkewe akimuuliza anajibu tu, "Atakalosema dada," na mimi sijasema kitu ila nimewapelekea habari kwamba sherehe iko palepale. Na kuna jambo moja nakwambia wewe tu, kwamba akienda kupasuliwa ukoo mzima watajua, na kwetu mtoto akizaliwa na kasoro watu huutazama uso wa shangazi, wanasema alinuna wakati wa mimba, na mimi kweli nilinuna, na siku nyingine nikimwangalia mtoto najiuliza kama ni mdomo wangu uliomfanya hivyo.

Naomba uniambie, wifi aniombe msamaha nyumbani akiwa ameketi chini au ni lazima mbele ya mchungaji? Hao madaktari hawawezi kuombwa waje wiki nyingine? Na nifanye nini ili heshima yangu kwa kaka irudi kama zamani?

Shangazi Aliyevunjiwa Heshima, Ha'apai

*

Shangazi uliyevunjiwa heshima,

Umetaja majina ya watu wote wa nyumba hiyo isipokuwa lako. Nimeyabadilisha yote, hata la mtoto. Usinishukuru, sikufanya kwa ajili yako.

Kwanza ujue unajibiwa na nani. Mimi pia ni shangazi. Nimekalia mikeka ya mbele kwenye sherehe nyingi, nimepewa mnofu wa nguruwe kabla ya wazee wenye mvi, na utamu wa cheo hicho naujua mpaka kwenye mfupa. Mimi na kaka zangu hatujawahi kutajiana ulichokikimbia wewe, na hatutatajiana mpaka tunazikwa. Kwa hiyo usije ukaenda kwenye kwaya kusema umejibiwa na mtu wa mjini asiyejua mila.

Mila inasema kaka na dada wasitajiane. Haisemi mtoto mchanga aoze tumbo ili wakubwa wasione haya. Daktari alikosea kuwaketisha pamoja, nakubali, na kila aliyekuwa wodini siku ile alipaswa kumnong'oneza. Lakini kosa lake lilikuwa la dakika chache, lenu linatimiza mwaka. Mngeingia mmoja mmoja mkasikia. Chumba kilikuwa na milango miwili, na nyote wawili mlionyesha kwamba mnajua kuitumia.

Barua yako nilimsomea kwa simu daktari wa upasuaji wa watoto, mmoja wa hao wanaokuja Nuku'alofa. Alifikiri ni mzaha. Alipoona si mzaha alieleza ule upande wa pili wa maneno, ambao wewe na Sateki mliuacha chumbani ukisomwa kwa viti vitupu.

Mtoto alizaliwa utumbo wake haujafika nje. Lile tundu la tumboni lilikuwa la kumwokoa asipasuke ndani, basi. Halikuwa njia aliyopewa na Mungu, na usimsingizie Mungu kazi ambayo daktari alikuwa hajaimaliza. Hicho unachokiita kinyama chekundu ni utumbo wa mtoto mwenyewe, umevutwa nje ukashonwa kwenye ngozi. Wewe unaukaza kitambaa kila Jumapili ili sauti ya kwanza isisumbuliwe na harufu. Weka gazeti chini, kafungue kitambaa hicho, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Mkojo wa rangi ya tope si jambo la majani. Kwa wavulana wengi wenye tatizo hili, kile kipande cha utumbo kilichoziba huwa kimejiunga na njia ya mkojo, uchafu unapenya, na homa ndiyo hiyo. Homa za namna hiyo hula figo polepole huku watu wanamsifu mtoto kwa kuwa mtulivu. Ikimshika nyingine kabla ya hiyo Jumatatu, usisubiri Jumatatu, usimsubiri kaka, usichemshe kitu. Apelekwe hospitali ya hapo kwenu saa hiyohiyo, na Toakase aseme tangu mlangoni kwamba mtoto ana mfuko na mkojo mchafu.

Kasoro hii pia hupenda kutembea na wenzake, kwa hiyo watampima moyo, figo na uti wa mgongo. Hayo yote yangekuwa yameshajulikana kama ile simu ingesikilizwa. Kaka yako alizima simu ya hospitali inayomtafuta mwanawe, na wewe ukamsifu. Sentensi hiyo nimeirudia nikitafuta angalau aibu kidogo ndani yake. Sikuiona.

Sasa tuje kwenye kununa kwako, maana hapo ndipo penye jipu, mengine yote ni ngozi. Unaogopa kwamba mdomo wako ulimharibu mtoto. Dada yangu, sehemu hiyo hujiumba mapema mno, kabla tumbo la mama halijaonekana na mtu. Ulipoanza kununa, lililokuwa limetokea lilishatokea. Huna uwezo huo, na samahani kwa kukushusha cheo. Nakuhurumia kwa mwaka mzima uliobeba hofu hiyo peke yako, nakuhurumia kweli, kwa sababu mtu asiyempenda mtoto hajiulizi maswali kama yale. Lakini kule kumficha, kumkaza, na kumnywesha majani, hayo huwezi kuyasingizia tumbo la Toakase. Hayo ni yako.

Sikiliza utakalofanya. Kesho mtume Sateki shambani, anajua njia. Akishaondoka mwite wifi yako, keti naye mkekani, akueleze yote tangu mwanzo kwa majina yake halisi, na wewe usisimame. Ukimaliza kusikia, muombe msamaha. Uliniuliza ni nani aketi chini wakati wa kuomba msamaha. Basi ni wewe, na mchungaji muache na mahubiri yake. Katika meza ile nzima huyo mcheka sokoni ndiye pekee aliyekumbuka kwamba kuna mtoto.

Sateki akirudi, mwambie neno moja tu: "Mnaenda." Usieleze, usifafanue, usishuke chini ya kiuno. Atainuka na kufunga mizigo, kwa sababu hajawahi kukataa neno lako, na nadhani anasubiri kwa hamu umwambie hilo. Mwaka mzima mmekitumia cheo chako kama kufuli. Kumbe ndicho ufunguo, na hakuna mtu mwingine Ha'apai nzima anayeweza kukitumia hivyo. Kisha panda meli pamoja nao. Ndugu wa Auckland lazima watue Nuku'alofa kwanza, waje wamwone mtoto wodini, na wakiutazama uso wako wakute uko hapo. Sherehe isogezwe. Nguruwe hawatanuna wakiongezewa siku za kuishi.

Kuhusu kuwaomba madaktari waje wiki nyingine, sitalijibu. Nitaona haya kwa niaba yako.

Wala usidhani wakishamtengenezea tundu mtarudi nyumbani kupiga makofi. Kidonda kikishapona itabidi tundu lipanuliwe kidogokidogo, kila siku, kwa kijiti cha chuma kilichopakwa mafuta, vinginevyo litajifunga. Nesi atawafundisha. Mtoto atalia, mama yake atashika kijiti, na mtu mwingine atatakiwa kumshika miguu asiruke. Kaka yako hatakuwa chumbani, kwa hiyo mila yako itakuwa salama kabisa. Miguu utaishika wewe. Uliapa mbele ya watu kwamba hatayakalia mapaja yako. Sasa atalala juu yake kila asubuhi mpaka daktari aseme inatosha, na baada ya hapo ndipo watamfunga pale tumboni.

Barua yako ni ndefu. Umeuliza kuhusu msamaha wa wifi, kuhusu ratiba za madaktari, na kuhusu heshima yako kwa kaka. Hukuuliza kama mtoto atapona. Ilibidi nikuulizie mimi. Daktari alisema wengi wao hupona, wakakua, wakaenda shule na kwenda msalani kama watoto wengine, mradi waletwe figo zikiwa bado nzima. Nikamuuliza, na za huyu wetu je? Akasema hawezi kujua, hajaletewa.