Vuta kwa Nguvu, Toa Polepole

Ni mwaka sasa, Baba, tangu ulipovuta pumzi ambayo hatukuisikia ikitoka.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Pamba, maana nusu yao wanalalia magodoro uliyoyashona. Ulichambua pamba miaka na miaka katika chumba kile kisicho na dirisha, vumbi lake likahamia kifuani. Watu wakikupa pole, ulicheka: "Mwosha huoshwa. Nimejaza magodoro, sasa najazwa mimi."

Zamani ukifika getini ulipaza sauti: "Mama mwenye nyumba na watu wake wote, nimerudi!" Ugonjwa ukaikatakata salamu hiyo. Ukawa unafika "Mama mwenye…", unashika nguzo, na Mama anakimbia kukupokea kabla hujaanza upya. Hilo lilikuuma kuliko kifua chenyewe.

Ndipo yule dada wa mazoezi, kule kliniki ya kifua, alipokupa kidude cha plastiki chenye springi, cha kuvutia hewa kwa shida ili misuli ya kupumua ipate nguvu. "Hakiponyi mapafu, mzee, lakini kitakusaidia. Vuta kwa nguvu, toa polepole." Kibanio chake cha pua kilipotea kabla ya wiki kuisha, ukaiba kibanio cha nguo cha Mama kambani. Tunakuona bado ukingoni mwa kitanda, pua imebanwa, unavuta: fyuuu. Tukikuambia, "Baba, pumzika kidogo," ulijibu kwa sauti ya puani, "Kupumzika kupo tu. Niacheni kwanza nipumue."

Ulikaza springi ile kidogo kidogo, haba na haba. Jioni moja geti likalia, na salamu ikaingia nzima, kwa pumzi moja. Mama alikuwa anachuja chai, akaimwaga yote. Jirani fundi viatu alipiga makofi dirishani kwake. Tulilia kwa furaha, tukadhani tumeshinda.

Kisha ikaja baridi, kifua kikajaa, na kidude hakikuwa na la kufanya.

Kibanio bado kiko pale ulipokiacha, kwenye ubao wa kitanda. Mama hataki kiguswe. Na upepo ukipita kwenye ufa wa mlango wa chumba chako, tunaisikia: fyuuu. Inavuta tu, Baba. Haitoi. Sote tunaacha kula mezani, vijiko mkononi, tunangoja itoke. Tunaogopa, tusikudanganye.

Kaka mkubwa alileta lami auzibe ufa ule. Mama akasimama mlangoni. "Ukiziba hapa, baba yako atavutia wapi?" Kaka akairudisha lami stoo.

Siku hizi sauti ile ikija, Mama huegemeza kiganja kwenye ufa na kusema taratibu, kama alivyokuwa akikusimamia: "Haya, baba watoto. Sasa toa. Polepole." Hapo ndipo na sisi tunapoweza kumeza.

Wenzetu huandika "pumzika kwa amani". Sisi tumeshindwa, neno hilo hukulipenda.

Unakumbukwa na Mama mwenye nyumba na watu wake wote: Kaka mkubwa, dada zake wawili, wakwe, wajukuu, na fundi viatu wa dirisha la pili. Hatutakusahau kamwe, Baba. Geti hatulifungi mapema.