Sentensi Niliyoiacha kwenye Bia ya Wifi

Masjala, ghorofa ya pili
14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu za Kidole wako. Goti linaendeleaje? Huku tu wazima. Baba anakohoa kidogo, ila akiitwa kula hakohoi.

Nakuandikia mkuu wa ofisi akiwa ametoka kula. Naandika haraka kabla hajarudi, usamehe mwandiko.

Uliposema kwa simu kwamba sasa Wifi ndiye atakayepika bia yako, nami nimwandikie tu maelezo, nilijibu, "Sawa, Shangazi." Haikuwa sawa. Tangu nina miaka sita, kidole changu ndicho kilichopima moto wa sufuria yako, na jina nililipatia hapo. Kaka kaoa juzi tu, leo mkewe karithi sufuria, mwiko na sifa!

Niliandika vizuri: shayiri iloweshwe, iote, ikaushwe iwe kimea, kimea kisagwe, kilowekwe katika maji ya moto, kichujwe, maji yake yachemshwe na maua ya hopi ya kutia uchungu, kisha hamira. Sentensi moja niliiacha makusudi: ngoja mpaka kidole kikae humo bila kuungua.

Wifi akatia hamira maji yakiwa bado moto, ikafa. Siku tano pipa kimya, povu hakuna. Kaka akamtania mbele ya wageni: "Mke wangu, hii bia au maji ya kuoshea vyombo?" Wifi alicheka nao, kisha nikamsikia jikoni akisugua sufuria iliyokwisha takata.

Mama anasema Wifi hana mkono wa pombe. Akishindwa tena Jumamosi, vyombo vyako vije kwangu. Ndicho nilichokitaka, Shangazi, na sasa hakipiti kooni.

Jana amenijia na karatasi yangu. "Wifi, wewe umesoma. Nitazamie, niliruka wapi?" Nikamwambia hakuruka kitu. Hilo tu ndilo la kweli nililomwambia.

Leo jioni nampelekea karatasi mpya, sentensi ile ikiwa juu kabisa, na nitamweleza kwa nini. Naogopa atanichukia. Naogopa zaidi atanisamehe, kisha bia yake iwe tamu kuliko yetu.

Wasalimie binamu zangu mapacha na jirani yako fundi saa. Mungu akutunzie goti na macho.

Sufuria mwachie, na mwiko pia. Ila jina langu, Shangazi, usimpe.

Ni mimi nikupendaye, pamoja na uovu wangu,
Kidole