Gari la Marie

Kabambare, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Huku sisi tu wazima. Mvua tu ndiyo inatuchosha, njia imekuwa matope matupu. Mgongo wa mama unaendeleaje?

Nina ombi. Marie wangu ametimiza miaka saba na anapenda kuunda vitu. Nimemsimulia gari langu la waya, lenye bodi ya kopo la sardini na magurudumu ya sandali kuukuu, lile uliloninyang'anya ukaliweka juu ya dari ya jiko. Mpe Glody wa pikipiki aniletee. Nataka tulisukume pamoja kabla hatujaja kwenu likizoni.

Binti yako,
Marcelline

Kasongo, 20 Machi 2024

Mwanangu Marcelline,

Tumshukuru Mungu, tuko. Mama yako anatembea.

Gari halipo. Nililichoma mwaka uleule. Waya ni kazi ya wanaume, msichana ashike mchi. Uliniaibisha mbele ya majirani, sasa wataka kuniaibisha mara ya pili? Mlete mjukuu wangu mikono mitupu, bibi yake amfundishe kutwanga majani ya muhogo, apike sombe.

Baba yako,
Hippolyte

Kabambare, 2 Aprili 2024

Baba,

Salamu. Sisi wazima, ila mimi nina hasira na sitaificha. Miaka ishirini nimeamini gari langu liko pale juu, linakula moshi. Kumbe!

Basi tumeunda jingine. Waya ulinichoma kidole, Marie akanicheka. Kutwanga anajua, na gari anasukuma. Mikono ni ileile. Atakuja nalo, au hatuji kabisa.

Na ukitaka kukataa, usinikatalie mimi. Ni wewe uliyempa mtoto huyu jina la marehemu mama yako. Tangu siku hiyo unamwita Mama, na hujawahi kumpinga hata kwa neno moja. Haya, naandika alivyosema mwenyewe: «Hippolyte, miye mama yako. Niko nakuya na gari yangu. Usiichome.»

Marcelline

Kasongo, 19 Aprili 2024

Mama yangu Marie,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu yanauma. Kwa kuwa kusoma bado hujui, Marcelline akusomee barua hii kwa sauti, asiruke neno.

Siku nilipochoma gari la binti yangu, Mama, ulikuwepo jikoni. Ulinigombeza, ukaniambia nikamwombe mtoto radhi. Nikaona ni aibu, baba kumwomba binti yake radhi. Ukafariki bado nakataa.

Leo nimekubali. Mwambie nilikosa. Njooni na gari.

Mtoto wako,
Hippolyte