Radius ya Mzee Koech

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Rongai tu wazima. Nyanya yako amenificha sukari tena, na tayari nimeiona ilipo.

Umeuliza kwa nini radius kwa biolojia ni mfupa wa mkono, na kwa hesabu ni mstari kwenye duara. Umenigusa kidonda. Neno hilo nililiringia miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu huko Njoro. Nilikuwa nimeishia darasa la nne na kushika Kilatini kidogo cha misa, basi nikajiona profesa.

Mzee Koech, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, hakuwa amesoma hata siku moja. Tukinywa chai nikamwuliza mbele ya wote, "Mzee, radius ni nini? Hujui? Na mvi zote hizo!" Watu wakacheka. Yeye akainama, akaendelea kuchonga.

Padre, aliyekuwa amepita kutusalimu, alisikia. Akaokota miguuni pa mzee kijiti kimoja cha gurudumu, kile kinachotoka kitovuni hadi ukingoni.

"Warumi waliita hiki radius," akasema. "Mfupa na mstari viliazima jina hapa."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee Koech akanisogezea nafasi kwenye gogo lake.

"Keti, mwalimu. Nishikie upande huu."

Nilifungua mdomo nimwombe msamaha, nikajikuta naomba nyundo. Akanipa. Tulifanya kazi pamoja mpaka akarudi kwao, na kila asubuhi nilimwomba nyundo.

Babu yako,
Wafula