Nywele za Bibi Harusi wa Yohana

Utemini, Singida

Dada yangu Mama Tumaini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, mguu umepunguza maumivu, na watoto wanakwenda shule. Tembo je, wameacha kuingia kwenye mahindi? Mimi mwili ni mzima na kazi ya saluni inaendelea, ila moyo si mzima, na sababu unaijua. Nimeona niandike kwa sababu siku ile uliponipigia uliongea peke yako hadi ukakata simu. Leo nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Aliingia binti mmoja mpole anaitwa Neema, mwalimu wa huko Manyoni, ana nywele zake mwenyewe zinazofika kiunoni. Tangu nianze ususi sijawahi kushika nywele kama zile. Alisema anaolewa hapa mjini Jumamosi ya wiki inayofuata, anataka tujaribu mitindo ili achague. Nilifurahi, dada. Nikaziosha, nikazikausha, tukaanza.

Kwanza alitaka ziachiwe mgongoni zikiwa na mawimbi. Nikamwambia kwa upepo wetu huu wa Singida, kabla hajafika mlango wa kanisa zitakuwa zimemfunika uso. Akacheka. Nikajaribu kuzibana juu utosini, lakini nywele nyingi namna ile ni mzigo, shingo ikamuuma na shela ikawa inateleza. Mwisho nikamsuka mistari midogo pembeni, zilizobaki nikazikunja chini kwenye kisogo. Hapo alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

Akasema huo ndio mtindo wake, maana siku ya kuvishwa pete walimtengeneza vibaya. Akatoa simu anionyeshe. Kwenye picha ile nilimwona Yohana. Yohana wangu mimi, mrina asali wa hapo Rungwa, aliyekuja kwa baba mdogo kujitambulisha na wewe ukampikia kuku. Amemshika Neema mkono. Nyuma yao umekaa wewe, umevaa kitenge nilichokutumia Pasaka, unacheka.

Nilimuuliza yule mama ni nani.

"Huyo ni mke wa mjomba wangu," akajibu. "Ndiye aliyetukutanisha. Bila yeye nisingempata Yohana."

Kumbe ni mtoto wa dada yake shemeji, yule aliyekulia Manyoni, ambaye sikuwahi kumwona. Nikamuuliza pete alivishwa lini. Miezi miwili iliyopita. Na wewe mwezi uliopita tu uliniambia nivumilie, kwamba Yohana anasubiri msimu wa asali uishe ndipo alete posa.

Nilitaka kunyamaza. Pini zilikuwa bado mkononi. Lakini nikaona nikimficha, nitakuwa nimemfanyia yeye kile ulichonifanyia mimi. Nikamweleza yote. Hakuniamini. Akampigia Yohana palepale, akaweka sauti ya juu, akamuuliza kama anamfahamu msusi wa Utemini anayeitwa Sekunda.

"Simfahamu," Yohana akasema. "Kwani vipi?"

Miaka mitatu, dada. Nilimpa Neema simu yangu asome ujumbe wa Yohana wa Jumapili iliyotangulia, ananiita mke wangu. Aliitazama ile namba, akaijua. Akarudi kwenye kiti taratibu, akasema, "Naomba unifumue." Nikatoa pini moja moja. Machozi yalikuwa yanamtoka na mimi yananitoka, na wateja wengine wakajifanya wanaangalia luninga.

Baada ya hapo ndipo ukanipigia. Ukasema nimeharibu harusi ya mtoto wa watu, nimekudhalilisha mbele ya ukoo wa mumeo. Ukasema shemeji ndiye aliyetaka mpwa wake aolewe na mtu mwenye mizinga, na kwamba usingeweza kumpinga. Hilo nakubali, namjua shemeji. Lakini kuniambia ungeweza. Hata kunipigia simu ya dakika mbili ungeweza. Wewe uliyenilea tangu mama afariki, uliyenifundisha hata kuomba, uliona afadhali niendelee kumngoja mume wa mtu.

Jumamosi iliyopita, siku ambayo ingekuwa ya harusi, Neema alikuja tena saluni. Alisema nimsuke mistari ya kawaida ya kurudi nyuma, Jumatatu anaingia darasani. Nilimsuka. Hatukumtaja Yohana hata mara moja. Alinisimulia wanafunzi wake, mimi nikamsimulia habari za hapa mtaani, na alipomaliza kujitazama akanishika mkono, akaondoka.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa zake nimempa kondakta pamoja na barua hii. Msalimie Tumaini na wadogo zake, wasiache kusoma. Mpe pole jirani yako mkunga, nimesikia amefiwa. Shemeji mwache, sina salamu zake. Uliuliza kama Krismasi nitakuja. Sitakuja.

Yohana nilimlilia siku mbili, nikamaliza. Wewe bado nakulilia.

Mimi mdogo wako,
Sekunda