Uso wa Karatasi wa Zahoro Kishada

Jumatatu, 4 Juni 1945. Kisarawe.

Mzee Shomari amenifuata shuleni baada ya kengele ya mwisho. Matanga ya mpwawe Zahoro ni Jumamosi. Salumu, aliyerudi kutoka vita vya Burma bila mkono wa kulia, ameapa mbele ya shehe kwamba alimwona akichukuliwa na mto. Shehe ameridhika. Bi Mwanamvua, mama mtu, hajaridhika: Salumu, asema, alimwonea mwanawe wivu tangu walipocheza timu moja. Naye Siwema, mke, hataingia eda mkwewe akikataa. Miezi saba — si mke, si mjane.

Mimi Mnyamwezi, mtani wao. Matangani kazi yangu ni kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Safari hii mzee anataka na uso.

"Hatukumwona kwenye sanda, Mwalimu. Mama yake amwone hata wa karatasi."

Kisha akanichokoza: sisi Wanyamwezi huja watu wakishakufa tu, kula ubwabwa. Nikamwambia ningekuja mapema, ila wao Wazaramo wanachelewa kufa. Tulicheka — kidogo.

Jumanne, 5 Juni.

Picha pekee ni ya gazeti la 1939, siku Zahoro alipofunga mabao matatu mjini, na Dar es Salaam nzima ikamwita Kishada. Uso wake humo hauzidi ukucha wangu. Nimeupima kwa rula, nikazidisha. Udongo wa mfinyanzi kwa umbo. Juu yake vipande vya gazeti na gundi ya uji wa muhogo. Tabaka nane. Magazeti yote ni ya vita. Sikuchagua, hayakuwepo mengine.

Jumatano, 6 Juni.

Acha niliandike hili, maana humu hakuna wa kumficha.

Novemba iliyopita Bi Mwanamvua aliniletea barua ya jeshi nimsomee. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilimtafsiria: hajulikani alipo. Sentensi iliyofuata ilisema inaaminika amekufa. Alikuwa ameshika goti langu kama mtoto anayesubiri sindano. Sikuisoma. Aliniachia barua niitunze, imo sandukuni.

Sikusema uongo — niliacha neno. Nimeupima utetezi huu kwa miezi saba. Hausimami.

Alhamisi, 7 Juni.

Masizi na mafuta ya nazi kwa rangi. Taya limekubali, na pua pia. Limebaki kovu la nyusi, la kiatu cha beki, ambalo gazeti halikulionyesha. Nilikaa na Zahoro uso kwa uso mara nyingi, nalikumbuka vizuri. Nimevaa uso mbele ya kioo, nikajaribu ule mwendo wake wa bega moja chini, na papo hapo, nikijitazama, nikachora kovu.

Nilishtuka. Alikuwa yeye!

Ijumaa, 8 Juni.

Uso unakauka juani. Siwema amepita, ameutazama kwa mbali. Ameuliza kama anaweza kuugusa. Ameugusa.

"Amekonda," amesema.

Kaka yake amekuja kutoka Gwata kumchukua akakae eda kwao. Siwema amemwambia asubiri kauli ya mama mkwe.

Jumamosi, 9 Juni. Chumba cha uani, kwa Mzee Shomari.

Naandika nikisubiri gundi ishike.

Nilitoka asubuhi na jezi yake, bega moja chini. Vijana wakapiga kelele: "Kishada! Kishada!" Wanawake wakaangua kilio. Salumu akageukia ukuta. Nikapiga chenga hadi mbele ya Bi Mwanamvua, nikasimama, kama desturi, anitukane au anilie.

Akanyoosha mkono. Akapapasa nyusi.

"Huyu siye," akasema. "Kovu la mwanangu liko kushoto. Mmeniletea mtu mwingine kabisa. Wangu yu hai!"

Nikalielewa kosa langu papo hapo: kioo. Nililiweka kovu upande wa mkono wangu wa kulia, kana kwamba Zahoro ndiye aliyeketi mbele yangu. Mimi, ninayewachapa watoto kwa mstari uliopinda!

Mzee Shomari akamfokea: "Dada, kovu ni kovu!" Bi Mwanamvua hakumjali. Akaninong'oneza mimi, mdomo karibu na sikio la karatasi:

"Lirekebishe, mwanangu. Ukilitia mahali pake, nitakubali." Kisha: "Ile barua — uliisoma yote?"

Nikageuka kuja huku chumbani. Nilikuwa nimefunikwa uso, hakuona kitu.

Kovu la kulia nimelifuta, nikabandika kipande kipya. Kimeshika. Nyusi ya kushoto ni tupu bado. Barua nimekwenda kwangu kuitoa sandukuni; imo mfukoni mwa jezi. Kupitia upenyo wa mlango namwona Bi Mwanamvua ameketi kwenye mkeka, macho huku. Siwema yuko nyuma yake, fundo la nguo mapajani. Kaka yake amesimama.

Masizi yako kidoleni.

"Mwalimu," anaita Bi Mwanamvua, "bado?"