Mandazi ya Mama Ekiru

Jumatatu, 3 Machi
Lodwar. Kibandani kwangu: moto, chai, mandazi. Wateja walewale. Furaha ametuma unga wa nyenje kutoka kambini Kakuma. Ni rafiki yangu, Mkongo, anafuga wadudu hao kwenye ndoo zenye trei za mayai. Anawanyima chakula siku moja matumbo yasafike, anawachovya maji moto, anawakausha, anasaga. Tulifundishwa pamoja kuwafuga. Mwalimu alisema protini yake haina aibu mbele ya nyama. Tena akasema mlaji lazima aambiwe, maana kuna miili inayokataa.

Nimetia kwenye uji, tukanywa mimi na mdogo wangu Akai. Mtamu.

Alhamisi, 6 Machi
Nina hasira. Mama Ekiru, ambaye mwanawe anataka kumwoa Akai, amesikia habari za uji wetu. Kasema sokoni mbele ya watu: "Ngamia yangu haiendi kwa boma ya watu wanakula dudu. Huyo ni mtu amemaliza mbuzi." Kwetu hapa, kumwambia mtu hana mifugo ni kumvua nguo.

Kikao cha mahari kimefutwa. Akai amelala kifudifudi, chai hataki. Yule mama atakiona cha mtema kuni.

Jumapili, 9 Machi
Ibada nzima nilikuwa nakitazama kisogo cha Mama Ekiru. Mahubiri yalihusu kusamehe. Yalinipita.

Jumanne, 11 Machi
Ekiru amempigia Akai simu. Amembembeleza mama yake siku hizi zote, sasa mama analegea. Jumamosi kina mama wa kanisa wanakutana, na zamu ya kupika ni yangu. Mama Ekiru atakuja. Akila chakula cha mkono wangu akaridhika, mazungumzo ya mahari yatarudi.

Akai anafua huku anaimba. Kaniomba nipike vizuri. Nimemwambia nitapika vizuri sana. Alinikumbatia, maskini.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefanya.

Nilitia unga wa Furaha kwenye kinyunga cha mandazi, iliki nyingi, sukari ya kutosha. Mama Ekiru alikula matatu, akachukua la nne, akaliinua wenzake walione. "Ejok nooi! Nzuri sana! Huyu anajua kupika." Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Au nisingetia kabisa. Nikasimama nikamwambia: mama, hao ni nyenje.

Akakimbilia nyuma ya kanisa, vidole kooni. Wengine wakafuata, wameshika matumbo kana kwamba wana uchungu wa kuzaa. Nilicheka mpaka machozi. Chakula hakijawahi kunishibisha hivyo.

Jumapili, 16 Machi
Simu ya Ekiru haipatikani. Akai amejaribu tangu asubuhi.

Bado nikimkumbuka yule mama ameinama, nafurahi. Si kama jana.

Jumatatu, 17 Machi
Ekiru amepiga mara moja tu, kusema basi, uchumba umekwisha. Mama yake kaapa. Akai alisikiliza, akaitikia sawa, akaenda kuchota maji. Ningependa anipige, au anitukane.

Alhamisi, 20 Machi
Nimeenda Kakuma. Nilidhani Furaha atacheka, kwani yeye ndiye aliyetukanwa "mla dudu" miaka yote. Nilimkuta uani anawamwagia kuku nyenje, ndoo baada ya ndoo. Habari zilifika kabla yangu. Kina mama waliokuwa wakinunua unga wa uji wa watoto wao wameurudisha. Wanasema hawa watu wanawategea wenzao.

"Miye nakulaka hii tangu utoto," Furaha aliniambia. "Weye umeifanya sumu."

Hakunikaribisha kuketi. Nilirudi Lodwar na gari la kwanza. Njia nzima namlaani Mama Ekiru. Laana zenyewe zilikuwa hazina chumvi.

Jumatano, 26 Machi
Joto. Wateja wachache, nikafunga mapema. Nimepika chapati, zetu wawili, na maharagwe. Akai alitoka chumbani, akaketi, akanawa mikono. Akachukua chapati moja, akaikunjua, akaitazama upande wa pili.

Akaniuliza ndani mna nini.

Nikamwambia unga, chumvi na mafuta. Akakata kipande kidogo, akakishika mkononi kwanza, hajakitia mdomoni.